Siku Tisa za Ziada

Simu ya msiba ilinikuta Chumbageni nikichambua kunde kwenye ungo, na niliendelea kuzichambua mpaka zikaisha. Watu watasema nina moyo mgumu. Sina. Nilijua tu kwamba nikiuweka chini ule ungo itanibidi niinuke, nivae, niende kijijini kwa shangazi yangu Bi Rukia nikiwa nimechelewa, na kuchelewa kwenyewe si kwa siku moja. Kulikuwa na jambo la kumwambia. Nimelibeba karibu miaka thelathini. Kila nikienda kumtazama nilirudi nalo mjini kama nilivyokwenda nalo, nikijiambia safari ijayo, safari ijayo, mpaka safari zikaniishia mkononi.

Nilipofika Kichangani asubuhi, wanawake walikuwa wameshajaa chumba cha ndani, na shangazi alikuwa akioshwa chumba cha pili. Walinisogezea nafasi kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Nikakaa. Mtu akaniletea maji, mwingine akaniuliza habari za mjini kwa sauti ya chini, nikajibu nzuri, kama mjinga. Chumba kile ndicho nilichokuwa nikilala mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba. Sasa kina sakafu ya saruji na bati juu, lakini dirisha ni lile lile dogo la kutazama jikoni, na ukikaa pale nilipokaa unauona ukuta wa jiko kuanzia chini mpaka kwenye paa. Sikutaka kuutazama. Nikautazama.

Nilipelekwa kwa shangazi mwezi wa kumi, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo kila mtu nyumbani alishayajua isipokuwa mimi. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, analima peke yake, na ikaonekana tutafaana. Sikuwahi kuujua upweke kabla ya hapo. Kwetu Nguvumali ukikohoa majirani wanne wanakuuliza una nini. Kichangani ungeweza kukohoa mpaka ukafa. Nyumba zilikuwa sita tu zilizopangana mbali mbali kwenye minazi, na shangazi alikuwa mtu wa maneno machache kuliko mtu yeyote niliyepata kukaa naye. Asubuhi chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mboga ya mchunga iliyochemshwa mara mbili ipungue uchungu. Jioni bada tena. Tukila yeye alitazama sahani yake na mimi yangu. Mara ya kwanza aliponitania nilikuwa nimeshakaa mwezi mzima: alinikuta nimeshika jembe kwa ncha za vidole, akasema, "Ati mtu wa mjini, hilo jembe halina ukoma." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, si kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha sana.

Watu walimheshimu kwa jambo moja. Alikuwa ndiye mshika hesabu wa mtaa. Wakulima wa pwani yetu walikuwa wakianza kuhesabu tangu siku ya mwaka, ile siku ambayo watu hushuka kuoga baharini alfajiri, halafu wanagawa siku kumi kumi. Kila kumi ni mwongo mmoja, na kila mwongo una kazi yake: huu wa kufyeka, huu wa kuchoma, huu wa kupanda. Shangazi hakujua kusoma. Alihesabu kwa mkaa ukutani mwa jiko, kila alfajiri baada ya kuswali mstari mmoja wa kusimama, na mistari ikifika kumi anaikata kwa mstari wa kulala. Mahindi ya masika yalipandwa mwongo wa ishirini na nne, siku ya tatu. Alikuwa amerithi hesabu hiyo kwa mama yake, na nyumba zote sita zilipanda siku aliyosema yeye. Hesabu ilikuwa ya mtu mmoja. Alikuwa akisema ikishikwa na watu wawili inaharibika, na ndiyo maana hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na mistari.

Mwaka ule vuli ilitutupa. Mvua ya kwanza ilinyesha kama kawaida, watu wakapanda, halafu ikakata kabisa, mahindi yakasimama magotini yakakauka. Alasiri wanaume na wanawake walikuja kibarazani kwa shangazi kunywa kahawa na kulalamika, na mimi ndani nilisikiliza, kwani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo pekee yaliyokuwapo. Mzee Shomari, ambaye wakati huo hakuwa mzee ila kwa tabia, alisema mvua siku hizi imekuwa kama mgeni asiye na adabu, haibishi hodi na wala haiagi. Jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa na watoto wanne na mume aliyekwenda kutafuta kazi asirudi, alisema yeye hana shida na mvua, ana shida na matumbo manne. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na mbegu ya msimu mmoja tu, mahindi yaliyofungwa mafungu mafungu na kutundikwa juu ya meko yapate moshi yasitobolewe na wadudu. Ukizipoteza hizo, hakuna nyingine. Mwishowe mazungumzo yote yaliishia mahali pamoja: "Haya, Bi Rukia, wewe utatwambia." Na shangazi anajibu, "Inshallah," anamimina kahawa.

Mwezi wa pili mke wa marehemu kaka yake alilazwa hospitali, shangazi akaitwa mjini, Usagara, kumuuguza na kuwatazama watoto. Asubuhi ya kuondoka alinichukua jikoni, akanipa kipande cha mkaa mkononi kama mtu anayekupa mtoto umshikie. "Kila alfajiri. Usije ukaruka. Mimi huko sitahesabu, hesabu iko kwako." Nikamwambia sawa shangazi. Akarudi tena kutoka njiani kunikumbusha niwashe moto kila siku, hata kama sipiki, kwa ajili ya mbegu.

Siku tano nilipiga mistari yangu vizuri. Nilikuwa nikiisubiri alfajiri, wallahi, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyonifanya nijione nina maana. Siku nzima baada ya hapo ilikuwa kuku, kuni na ukimya. Nilianza kuzungumza na kuku. Bi Zuhura alikuwa akinisalimia kwa mbali, "Mwanaisha, hujambo huko?" nami najibu sijambo, halafu kila mtu anaendelea na yake. Angeniambia njoo ukae ningekwenda mbio. Sikujua kwamba yeye naye alidhani mimi binti wa mjini namwona mchafu.

Halafu homa ikanipiga. Ilikuwa Jumatano, nakumbuka, nilikuwa nimeinama kupuliza moto nikaona meko mawili. Nilijikokota mpaka kitandani na kutoka hapo sina habari iliyonyooka. Nakumbuka uji. Nakumbuka mkono wa mtu nyuma ya shingo yangu na ladha ya dawa chungu, na mtoto akilia uani, na sauti ya Bi Zuhura ikisema, "Kunywa, usinitie katika maneno na shangazi yako." Alikuwa akija kila asubuhi, akaniwashia moto, akanipikia, akarudi kwake. Hilo nalikumbuka vizuri, na sijui kwa nini halikuniingia akilini kwamba mtu anayeingia jikoni kila alfajiri, na aliyezaliwa mtaa ule ule, ataona mkaa umelala juu ya jiwe na atajua unatakiwa kufanya nini.

Nilipoinuka watu walikuwa wakienda kuswali Ijumaa. Niliingia jikoni nimeshika ukuta, nikatazama mistari. Sikukumbuka niliachia wapi. Basi nikakaa chini nikafanya hesabu kwa kichwa cha mtu aliyesoma: niliugua Jumatano, nimelala mpaka Alhamisi ya wiki ya pili, siku tisa. Nikaokota mkaa, nikapiga mistari tisa, nikakata pale ilipotimia kumi. Nilijivunia. Nilijiona nimeokoa kitu. Kutoka pale mpaka kwa Bi Zuhura ni hatua arobaini, na sikwenda kumuuliza neno, kwa sababu nilimwonea haya. Alikuwa ameniosha matapishi na mimi sikuwahi hata kwenda kumpelekea chumvi.

Shangazi aliporudi alikwenda jikoni kabla hajavua baibui. Alihesabu kwa kidole, taratibu, akaanza tena upya. "Siku zimekimbia," alisema. Huko mjini amekesha hospitali, amechanganyikiwa usiku na mchana, na aliona ni yeye aliyepotelewa. Jioni ya pili akawaita watu kibarazani akawaambia kupanda ni keshokutwa. Mzee Shomari akaweka kikombe chini. "Bi Rukia, mbona mwaka huu mapema? Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa hata sijamaliza kuchoma shamba."

"Mwaka jana ulichelewa kuchoma, Shomari. Kila mtu anajua."

Watu wakacheka. Mzee Shomari hakucheka. "Nauliza tu. Sina mbegu ya kuchezea."

"Nani anayo?" shangazi alisema. Halafu akanyoosha mkono nyuma akanishika kiwiko, mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika, akanivuta mbele za watu. "Hesabu ya safari hii kaishika huyu. Peke yake, na homa juu. Mimi sina mtoto, mnajua. Nikiondoka, ukuta huu ni wake." Wote wakanitazama. Mtu akasema mashallah. Mzee Shomari akanipa kikombe chake nimwongeze kahawa, akasema, "Basi tumekusikia, mwanangu." Sijui kama wewe unayesoma umepata kuwa mtu usiye wa mahali, miezi na miezi, halafu jioni moja ukawa wa mahali hapo. Nililala usiku ule nikiwa na furaha ya kitoto kabisa.

Kesho yake alasiri nilikuwa uani kwa Bi Zuhura, mara yangu ya kwanza, nikimsaidia kupukuchua mbegu zake. Yale maneno ya kibarazani ndiyo yaliyonipa uso wa kwenda. Alikuwa ameteremsha mafungu yote, pishi nne, hakubakisha hata gunzi moja. Tulikuwa tunacheka, watoto wanatuzunguka. Akaniambia, hivi hivi, kama mtu anayeongea habari ya jana, "Ulivyokuwa umelala vile nilidhani utanifia. Nakupikia uji, nakupigia na mstari wako, narudi kwangu nasali."

Nikamuuliza mstari gani.

"Si ule wa ukutani. Siku tisa zote. Nilisema shangazi yake akirudi akute pengo, atamla mbichi."

Niliendelea kupukuchua. Nakumbuka kidole gumba kilivyouma na sikukiondoa. Siku tisa zake na tisa zangu. Watu wangepanda kesho, na siku yenyewe ya kupanda ilikuwa bado siku tisa mbele ya hiyo kesho. Nilichotakiwa kufanya ni kuinuka, kwenda hatua arobaini, kumwambia shangazi. Angekasirika. Angeenda nyumba kwa nyumba kusema bado, tusubiri. Mzee Shomari angepata la kusema mwaka mzima. Na mimi ningerudi kuwa yule mtu wa mjini anayeongea na kuku. Hilo ndilo lililonishinda, sitalipamba. Wakati nawaza hivyo wingu likapanda kutoka upande wa bahari na kabla hatujaingiza ungo ndani mvua ikashuka, mvua nene, watoto wa Bi Zuhura wakavua nguo wakaingia kuichezea. Bi Zuhura akasimama mlangoni amejishika kiuno, machozi yanamtoka, akasema, "Bi Rukia, Mungu akupe umri." Nikajiambia, unaona, hata mbingu zimekubali. Nikajitia hamnazo.

Tulipanda nyumba zote sita, siku mbili, punje tatu kila shimo, hata shangazi alimaliza yake yote. Mahindi yakaota vizuri. Wiki ya kwanza shangazi alinipeleka shambani kuyatazama tu, hatukuwa na kazi ya kufanya kule. Mvua haikurudi. Siku ya tisa, ile siku ya haki ya kupanda, niliamka mapema nikatoka nje kutazama mbingu. Haikuwa na wingu hata la kusingizia. Mwanzoni nilipata nafuu, nikasema basi hata hesabu ingekuwa sawa tungepatikana tu. Kisha nikafikiri tena. Mtu aliyesubiri mpaka siku ile, akaona mbingu kavu vile, angesubiri zaidi. Mbegu zake zingekuwa bado juu ya meko. Nimeyapima mawazo hayo mawili tangu siku ile mpaka leo, na kila moja lina siku yake ya kunishinda.

Majani yalijikunja, yakawa ya kijivu, na wiki ya tatu ukiushika mche unang'oka bila nguvu. Mvua yenyewe ilikuja zaidi ya mwezi baada ya sisi kupanda, ikanyesha siku nne mfululizo kwa hasira, ikachukua udongo wa juu ikaupeleka mtoni. Mashamba yalikuwa maji na hayakuwa na kitu. Wenye ndugu wakaenda kuomba mbegu, wachache wakapata. Bi Zuhura hakupata. Aliwachukua mabinti zake wawili wakubwa akawapeleka kwa mama yake Muheza wakale huko, akarudi na wadogo wawili. Siku aliyorudi, shangazi alimwita, "Shoga, pole na safari." Alipita kama hakusikia. Tangu hapo akienda kisimani alizunguka nyuma ya nyumba ya Mzee Shomari asipite kwetu.

Hakuna aliyemtukana shangazi. Ingekuwa afadhali. Waliacha tu kuja. Alasiri alichemsha kahawa ile ile ya watu sita, akapanga vikombe kwenye sinia, akakaa kibarazani na kanga yake safi. Jua likipungua aliimwaga kwenye mchanga, akaosha vikombe ambavyo havikunywewa. Alifanya hivyo wiki tatu au nne. Mimi nilikaa ndani nikimtazama mgongo. Mara moja nilitoka nikamwambia nipe mimi ninywe, akanipa, tukanywa wawili, vikombe vinne vikatutazama. Sikupata kumwona akilia. Siku nyingine nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, anarudi nyuma, anaanza tena, akitafuta alipokosea.

Nilijaribu kumwambia. Namwapia Mungu nilijaribu, mara moja, na mara moja haitoshi. Tulikuwa jikoni tunamenya muhogo. Nikasema, "Shangazi, ile mistari, pengine wakati ule naumwa..." Akanikata. "Usinitetee, Mwanaisha. Mistari haina kosa. Mvua imehama, na mimi nilikuwa na macho, ningetazama juu badala ya kutazama ukuta. Nimeua mbegu za watu kwa kiburi." Nikaokota muhogo mwingine. Aliniachia mlango wazi wa kutokea bila kujua, nami nikatoka. Kesho yake alikanda udongo, akaukandika ukuta wa jiko kuanzia chini mpaka juu, na mimi ndiye niliyemchotea maji ya kukandia.

Miezi ya njaa ilikuwa kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka, na hapo ndipo nilipomjua. Mtu mwingine angejifungia. Yeye alitembea kwa miguu mpaka kwa ndugu zake upande wa Ubondei, akarudi na mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani na kunde kwenye fundo la kanga. Bwana shamba alipokuja na mbegu za mahindi ya muda mfupi, yale ambayo zamani shangazi aliyaita ya kufugia kuku, watu walikaa nyuma wakisubiri kuona. Yeye akawa wa kwanza kuinuka, mbele ya wale wale, akapokea. Akaligawa shamba lake. Muhogo huku, kunde katikati yake kuzuia jua lisichome udongo, ufuta kwenye mchanga, mahindi kidogo bondeni. Na mbegu aliifunga mafungu matatu. Fungu moja anapanda mvua ikianza, fungu la pili baada ya wiki mbili, la tatu halishuki kutoka juu ya meko mpaka ya kwanza yamefika kiunoni. Alinifundisha kukata makopa ya muhogo na kuyaanika mpaka yakatike kwa mlio. Tulikula makopa yaliyotwangwa, mboga ya mtoriro, na mara moja moja dagaa. Nilikonda nguo zikanivuka. Muhogo wa kwanza ulipokomaa alijaza vikapu vitano na kuniambia nipeleke kila nyumba, niuweke mlangoni, nisisubiri shukrani. Kwa Bi Zuhura niliuweka nikakimbia. Jioni nilikuta kikapu kimerudishwa kitupu kwenye kibaraza chetu, kimeoshwa, bila neno.

Mwaka uliofuata watu hawakuuliza siku. Walitazama alichofanya, kimya kimya, wakafanya hivyo hivyo, na mimi nikaondoka kwenda chuo cha kilimo. Leo mimi ni bibi shamba wa mwaka wa ishirini na kitu. Nimesimama mbele ya wakulima kuanzia Mkinga mpaka Pangani, na popote niliposimama nimesema usiimalize mbegu yako kwa mvua moja, gawa mara tatu, chimba mashimo ya kushika maji, muhogo usikose. Siku hizi utabiri unakuja kwenye simu na vijana wanaufuata. Mara nyingi mama mmoja nyuma huuliza nani alikufundisha hayo, nami husema chuoni. Shangazi alikuwa hai wakati wote huo, saa moja na nusu kutoka kwangu. Nilimpelekea sukari, mchele, vitenge. Watu walirudi kumsalimia miaka ilivyopita, hata Bi Zuhura, lakini kahawa ya alasiri haikurudi tena, na yeye hakupata kuitwa kwenye shauri lolote la mtaa mpaka mauti yalipomfika.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayo pale kwenye mkeka walipotuambia amekwisha kuvishwa sanda. Baada ya adhuhuri wanaume wakamtoa uani, wakaliweka jeneza kwenye kivuli, na sisi wanawake tukasimama ndani na mlangoni. Binamu yangu Hamisi, mtoto wa yule marehemu kaka yake, akasimama kichwani akasema kama inavyosemwa siku zote: huyu ni mama yetu, ameishi na nyinyi, binadamu hakosi kukosea, aliyekosewa naye kwa ulimi au kwa kitendo tunaomba amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakaguna kuitikia. Mzee Shomari, mzee wa kweli sasa, ana fimbo, akainua mkono.

"Sisi wa mtaa huu tulikuwa na jambo moja tu naye," alisema. "La mbegu. Wakubwa wanalijua. Tulishamsamehe zamani, lakini leo naona nilitamke. Tumemsamehe."

"Tumemsamehe," wakaitikia.

Miguu ilinitoa yenyewe. Nilisikia mtu akinivuta kanga, nikaiacha. Nikasimama mbele ya wanaume wote wale, na jambo la kwanza lililotoka kinywani mwangu, baada ya miaka yote hiyo, lilikuwa, "Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba."

"Msimsamehe. Hakukosea. Ile mistari tisa niliizidisha mimi. Nilijua siku moja kabla hamjapanda, nikanyamaza, na yeye kafa hajui."

Hamisi akatazama chini. Mzee Shomari alinitazama kwa muda, macho yake yana ukungu wa uzee, akawa kama anayenitafuta. "Wewe ndiye yule mtoto wa Nguvumali," alisema.

"Ndiye."

"Basi na wewe tumekusamehe." Akawageukia vijana. "Inueni, wakati unakwenda."

Wakamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, kwa kufukuzwa, kwa mtu kunishika koo, na ile dakika moja ikaumaliza mzigo wangu wote kama inavyomalizwa habari ndogo. Wakaondoka naye wakitaja jina la Mungu, bega kwa bega, wakipokezana. Wanawake kwetu hatufuati jeneza. Nilibaki uani nimesimama mahali alipokuwa.

Nilipogeuka, Bi Zuhura alikuwa mlangoni. Ameshika fremu kwa mikono miwili. Alinitazama kama ananisoma, na nikaona hesabu ikimwingia, siku tisa zake na tisa zangu.

"Ungeniuliza," alisema. "Nilikuwa hapo tu."

Nikamwambia najua.

"Miaka mitatu sikumpa salamu yule mwanamke, Mwanaisha. Alikuwa akinisalimia kila siku. Kila siku." Akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika kanga, akaanza kumlilia kwa sauti, na wanawake wengine wakaja kumshika yeye.